Lawalawa na hofu tuliyorithishwa

(Nasaha iliyotolewa kwa wazazi wa wanafunzi wa madrasa, Mpwapwa mjini, baada ya swala ya Alasiri)





Wazee wetu mlioketi mstari wa mbele, ndugu zetu vijana, na akina mama mlio nyuma ya pazia. Kamati ya wazazi ilituomba tuzungumzie malezi ya mtoto wa kike. Tungeweza kuzungumzia hijabu, au masomo, au simu za mkononi, na kila mmoja angeondoka hapa akiwa ameridhika. Lakini tumeona tuzungumzie jambo ambalo katika wilaya yetu linajulikana na kila mtu, na halitajwi na mtu mbele ya mwenziwe. Nalo ni lawalawa, na kisu kinachoifuata.

Tunafahamu kuwa wapo watakaosema hayo si maneno ya msikitini. Tunawakumbusha kwamba Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya haikuwazuia kuijua dini yao. Waliuliza habari za hedhi na janaba, na Mtume (s.a.w.) aliwajibu. Msikiti uliobeba maswali hayo hauwezi kushindwa kubeba hili letu.

Lawalawa, kwa vijana wasioijua, ni jina ambalo watu wa Ugogo na majirani zetu wa Singida huyapa maradhi yanayowapata watoto wadogo katika sehemu za siri. Mtoto huwashwa, huwa mwekundu, pengine hutokwa na uchafu, na hulia anapokojoa. Wazee husimulia kuwa zamani hayakuwapo, au hayakuwa na jina hilo. Wanasema yalienea katika miaka ya 1970, baada ya serikali kuwahimiza watu waache kuwakeketa mabinti. Watu wakaambiana kuwa mizimu imekasirika kwa kuachwa kwa mila, na kwamba dawa ni moja tu, mtoto akatwe. Tokea hapo kukeketa kukatoka kwa binti aliyekaribia kuolewa kukaingia kwa mtoto mchanga. Ilipokuja Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inayompa anayemkeketa mtoto aliye chini ya miaka 18 kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, watu wengi hawakuacha. Waliwahi. Mtoto wa miezi michache hatashitaki kwa mtu, na kidonda chake hufichwa ndani ya nguo za uchanga.

Hatusemi haya kwa kuwadhania watu vibaya. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 uliwakuta wanawake 10 katika kila 100 nchini wakiwa wamekeketwa, lakini katika mkoa wetu wa Dodoma walikuwa 47 katika kila 100. Takriban thuluthi moja ya waliokeketwa nchini walifanyiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Utafiti wa mwaka 2022 ulionesha idadi ya nchi nzima imeshuka hadi 8 katika kila 100, na tunamshukuru Allah kwa hilo. Ila kisu kinachofanya kazi alfajiri, nyumbani, juu ya mtoto asiyeweza kusema, si rahisi kuhesabiwa.

Kwa upande wa dini tutasema machache, kwa kuwa si penye uzito wa maneno yetu ya leo. Tunajua kuwa katika vitabu vya Kishafii iko mijadala ya tahara ya wanawake, na hatutaificha. Hadithi inayotajwa zaidi, ile ya Ummu Atiyya, Abu Daud aliyeipokea ameieleza mwenyewe kuwa ni dhaifu. Wapo waliokuja baadaye wakaitia nguvu kwa wingi wa njia zake. Sayyid Sabiq katika Fiqhus-Sunna amesema hakuna hata moja iliyosihi katika mlango huu. Mwezi Novemba 2006 maulamaa walikutana Al-Azhar, Cairo, wakaitaka jamii ya Kiislamu iiache desturi hii kwa madhara yake, na mwaka 2007, baada ya binti mmoja kufia mikononi mwa daktari nchini Misri, Mufti wa nchi hiyo alitamka kuwa ni haramu. Tulipokuwa masomoni Khartoum, kabla ya vita vilivyozuka Aprili 2023, tuliwakuta watu wanaoiita tahara iliyo kali zaidi "ya Firauni", na ile iliyopungua ukali wakaiita "ya Sunna". Tukastaajabu jinsi jina jema linavyoweza kuvishwa jambo lolote. Katika nchi hiyo, kwa utafiti wa mwaka 2014, takriban wanawake 87 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa, na sheria ya kukataza ilipitishwa mwaka 2020.

Hata hivyo, mijadala hiyo yote haihusiani na yanayofanyika kwetu. Mwanachuoni wa Kishafii hakuandika kuwa mtoto akatwe ili mizimu iridhike. Anayeamini kuwa waliokufa wanaweza kumtia maradhi mjukuu wao na kumwondolea, huyo amegusa tauhidi yenyewe kabla ya kugusa kisu. Tunaamini kuwa hapana hata mmoja hapa anayelipinga hilo.

Tunalijua, na bado hatuachi. Kwa nini? Tuliyafikiri haya kwa muda mrefu tukadhani jibu ni ujinga. Allah akatuonesha jibu jingine katika nyumba yetu wenyewe, nasi tumepata idhini ya wahusika kuyasema.

Binti yetu, ambaye sasa ana miaka minne na yuko hapa madrasani anajifunza herufi, alipokuwa na miezi saba, mama yetu mzazi alikuja kutoka kijijini kututembelea. Ulikuwa mwezi wa Septemba, maji yamekuwa ya kununua kwa dumu, na kila nyumba inabana matumizi. Siku ya tatu mama yetu alikuwa akimwogesha mjukuu wake, akamwona ana wekundu na anawashwa. Hakupiga kelele. Alimfunga nguo, akamwambia mkwewe taratibu, "Mwanangu, mtoto ana lawalawa. Alhamisi tutakwenda naye nyumbani. Tusichelewe."

Mke wetu hakujibu. Yeye mwenyewe alikeketwa akiwa mchanga. Hakumbuki, anajua kwa kuambiwa tu. Usiku tulimkuta ameketi juu ya mkeka, mtoto yuko kifuani, amembana mpaka mtoto analia, naye hasikii kama mtoto analia.

Ndugu zetu, tulighadhibika. Tulimwendea mama yetu na elimu yetu yote. Tulimsomea aya na hadithi kwa sauti ambayo majirani waliisikia, tukamwambia huo ni ushirikina, na kwamba atakayemgusa mtoto tutamfikisha polisi. Mama yetu alitusikiliza mpaka mwisho. Asubuhi alikunja kitenge chake, akachukua kikapu, akaondoka kwenda kupanda gari. Tukaona tumeinusuru haki.

Siku hiyo hiyo tulimpeleka mtoto kwa wauguzi. Walimtazama, wakapima mkojo, wakasema ni fangasi za kawaida zinazotokana na nguo kukaa na unyevu na mtoto kutooshwa vya kutosha. Wakatupa dawa ya kupaka, wakamwelekeza mama yake amsafishe kutoka mbele kwenda nyuma kwa maji safi, amkaushe, asimwache na nguo iliyolowa. Baada ya wiki moja mtoto alikuwa mzima.

Tulimwuliza muuguzi mmoja mtu mzima, mwenyeji wa huku, "Mbona akina mama wanaapa kuwa wakimkata mtoto lawalawa hupona?" Akatujibu, "Ustadhi, mtoto akishakatwa huoshwa kwa maji ya moto kila siku mpaka kidonda kifunge. Wangemwosha hivyo kabla ya kumkata angepona vilevile." Tumelirudia jibu hili mara nyingi. Katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua, ambapo akina mama huchimba mchanga wa mto uliokauka ili wapate ndoo moja, maji ya kumwosha mtoto ni ya mwisho kufikiriwa. Akishakuwa na kidonda ndipo maji hutafutwa.

Mtoto alipona, lakini nyumba haikupona. Mama yake aliendelea kushituka kila mtoto alipolia wakati wa kukojoa. Alikuwa hataki kumwogesha, akawa anamwomba jirani. Tukimwuliza, anasema amechoka. Tulikumbuka kuwa alipojifungua aliteseka siku mbili, damu ikamtoka sana, na sisi hatukuuliza sababu. Baadaye tulisoma kuwa uchunguzi uliotolewa mwaka 2006, uliofanywa kwa wanawake zaidi ya 28,000 wa nchi 6 za Afrika, ikiwemo Kenya na Sudan, ulionesha kuwa waliokeketwa hupata shida zaidi katika uzazi, na watoto wao wachanga hufariki zaidi. Tulikuwa mume wa mtu miaka mitatu, na hatukujua jambo hilo kumhusu.

Baada ya wiki tatu tulikwenda kijijini kumtaka radhi mama yetu. Njiani tulikuwa tukiisoma moyoni Sura Maryam, pale Nabii Ibrahim (a.s.) anapomkabili baba yake aliyekuwa akiabudu masanamu. Tumeifundisha sura hiyo mara nyingi, lakini siku hiyo ndipo tulipozingatia kuwa Ibrahim anamwita mzee huyo "baba yangu" mara nne mfululizo, kila analomwambia analitanguliza kwa kumwita hivyo. Na anapofukuzwa kwa kutishiwa mawe, anamjibu kwa amani na kuahidi kumwombea msamaha. Sisi tulimwita mama yetu mshirikina mara ngapi usiku ule? Hata "mama" hatukumwita.

Tulimkuta anabangua karanga. Tukakaa chini, tukambangulia. Tukamwomba msamaha kwa sauti tuliyotumia, tukamweleza mtoto ametibiwa amepona. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kabla yako wewe palikuwa na mtoto wa kike."

Hatukupata kumsikia mtoto huyo maisha yetu yote.

Alikuwa na miaka miwili. Aliugua lawalawa. Bibi yetu na shangazi walitaka akatwe, mama yetu akamwonea huruma, akawa anaahirisha, leo kesho, leo kesho. Mtoto akazidi. Wakamwambia, wewe unamwua mwenyewe kwa huruma zako. Akakubali. Akakatwa alfajiri. Damu haikukatika, na siku ya pili kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha. Baba yetu alikuwa machungani na ng'ombe, alirudi akaoneshwa kaburi. Na wale akina mama walimwambia mama yetu, "Amekufa kwa sababu ulichelewa."

Ameliamini neno hilo kwa zaidi ya miaka 30. Kila alipomwona mtoto mchanga wa kike anawashwa, alilisikia upya. Alipomwambia mkwewe "tusichelewe", hakuwa anaitetea mizimu. Alikuwa anataka kumwokoa mjukuu asiingie katika kaburi la pili.

Tukamwambia, "Mama, hukuchelewa. Mtoto amekufa kwa damu, si kwa lawalawa." Tulidhani tumempa faraja. Akatuangalia, akasema, "Basi nilimpeleka mwenyewe."

Hapa ndipo penye uzito tuliousema. Bibi anayeambiwa na muuguzi, au na ustadhi, kuwa kisu hakiponyi, haambiwi habari za afya tu. Anaambiwa kuwa aliyowafanyia binti zake hayakuwa na faida yoyote, na pengine yaliua. Anaambiwa pia kuwa mama yake mwenyewe, aliyemshika miguu siku ile, alimwumiza bure. Nani anaweza kulipokea hilo akiwa amesimama peke yake? Ni wepesi zaidi kuendelea kuiamini mizimu. Na kila mjukuu anayekatwa anamhakikishia bibi kuwa alifanya sawa. Hivyo jeraha hupita kutoka kwa bibi kwenda kwa mama, kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na linapita katika mikono ya wale wanaowapenda zaidi.

Sisi walimu tumekuwa tukiwapelekea elimu bila rehma. Tunasema haramu, tunataja kifungo, tunaondoka. Bibi anabaki na kaburi lake.

Tulimweleza mama yetu yale tuliyosomeshwa: kuwa Allah hamlipizi mja kwa kosa alilolifanya bila kukusudia, kuwa toba haina umri, na kuwa Mtume (s.a.w.) amebashiri kuwa watoto wanaokufa wadogo huwa ni sababu ya wazazi wao kuingizwa katika rehma za Mola wao. Tukamwambia, binti yako hayuko kwa mizimu akikudai. Yuko kwa Mola wake akikungoja. Alilia kilio ambacho hatujapata kumwona analia, hata alipofiwa na baba yetu. Tulimwacha alie. Jioni alitupeleka kwenye kaburi, chini ya mbuyu, tukamwombea dua pamoja, na kwa mara ya kwanza akatutajia jina la dada yetu.

Mtu asidhani kuwa yaliisha siku moja. Miezi kadhaa ilipita kabla ya mama yetu kuja tena mjini. Alipokuja, yeye ndiye aliyemwambia mkwewe habari ya mtoto yule, wakiwa wawili jikoni. Mke wetu naye akasema yake, ambayo sisi mumewe hatukuwa tumeambiwa, na yale hatutayasema hapa. Siku zilizofuata waliogesha mtoto pamoja, mmoja anamimina maji na mwingine anaosha. Leo mama yake anamwogesha peke yake. Wakati mwingine mkono bado hutetemeka, naye husema, "Leo unatetemeka," akaendelea.

Sasa tuwageukie akina baba. Tumezoea kusema hayo ni mambo ya wanawake. Baba yetu, Allah amrehemu, alikuwa machungani. Wengi wetu tuko machungani hata tukiwa nyumbani. Tunaambiwa mtoto amepelekwa kwa bibi yake siku tatu, hatuulizi kwa nini. Tunaona mtoto karudi anatembea vibaya, tunaingia msikitini kusali. Mtume (s.a.w.) alisali akiwa amembeba Umama, mtoto wa binti yake Zainab, anamweka chini akirukuu na kusujudu, anamnyanyua akisimama. Na yule bedui mkubwa wa kabila lake, Al-Aqra bin Habis, alipomwona Mtume anambusu mjukuu wake akasema yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, Mtume alimtazama na kumweleza kuwa asiyerehemu harehemewi. Ugumu ule Al-Aqra aliurithi, naye alikuwa akiwarithisha kumi. Wangapi kati yetu tunajifunga kwa ugumu wa baba zetu, tunauita uanaume?

Baba anapaswa kujua kama mwanawe anawashwa. Anapaswa kuhakikisha dumu la maji la mtoto lipo, kabla ya lile la kuoshea pikipiki. Bibi akisema "tusichelewe", ni baba wa kumwambia, kwa heshima na kwa kumwita mama, "Kweli tusichelewe, twende zahanati sasa hivi, na wewe twende pamoja." Mpelekeni bibi, aone mwenyewe mjukuu anavyopimwa, aone dawa, amwone mtoto anapona. Akibaki nyumbani atasimuliwa, na masimulizi hayajamwondolea mtu hofu aliyozaliwa nayo. Akikataa kabisa, basi Sura Luqman imetufundisha kuwa mzazi akikuamrisha upotofu humtii, lakini hukai naye ila kwa wema. Mtoto asikatwe, na bibi asisuswe. Yote mawili ni wajibu, na la pili ndilo tulilolishindwa sisi.

Mnaojua kuwa mtoto fulani ameandaliwa safari ya kijijini, msikae kimya kwa kuhofia ujirani. Mwambieni baba wa mtoto, mwambieni imamu, na ikibidi afisa wa ustawi wa jamii au polisi. Tunalisema hili kwa uzito, kwa kuwa dada yetu alikuwa na majirani wengi.

Kamati imekubaliana na muuguzi yule tuliyemtaja. Jumamosi ijayo, baada ya Adhuhuri, atakuwapo katika darasa la watoto wadogo, na pazia litafungwa. Akina mama wenye watoto wanaowashwa waje nao, na bibi waje. Mama yetu pia atakuwapo, na ameomba akae na bibi peke yao, bila sisi. Maji ya kuoshea watoto yanahitajika madumu 20. Akina baba mtayaleta Ijumaa jioni, na orodha ya majina iko kwa katibu, pale mlangoni.